Mwongozo kamili wa kuitembelea bandari ya Willemstad, Curaçao

Kisiwa cha Curaçao kiko kusini mwa Bahari ya Karibi, yapata kilomita 65 kutoka pwani ya Venezuela. Tangu tarehe 10 Oktoba 2010 kinajitawala kama nchi ndani ya Ufalme wa Uholanzi, na mji wake mkuu ni Willemstad. Mkono mwembamba wa bahari uitwao Sint Annabaai unaingia nchi kavu, unaugawa mji mara mbili, kisha unafunguka kuwa ghuba pana ya ndani iitwayo Schottegat. Mashariki ya mkono huo ni mtaa wa Punda, magharibi ni Otrobanda. Makontena, matangi ya mafuta na chelezo cha kutengenezea meli vyote viko ndani, Schottegat. Maana yake ni kwamba kila meli ya mizigo inayoingia au kutoka lazima ipite katikati ya mji, mbele ya maduka na mikahawa, karibu kiasi cha kuweza kusoma jina lake ubavuni kwa macho matupu.

Ndiyo sababu nawasihi wanaokwenda huko wasiifanye bandari kuwa jambo la nusu saa kabla ya kukimbilia ufukweni. Itengee siku nzima, na uache meli zikupangie ratiba. Mwongozo huu unafuata mpango huo, kuanzia karatasi za safari hadi jioni.

Karatasi kwanza

Kwa mtu anayetoka Nairobi, Dar es Salaam, Entebbe au Kigali, njia nyepesi ni kupitia Amsterdam, halafu ndege ya moja kwa moja ya saa tisa hadi kumi kuvuka Atlantiki. Watu wengi hukwama kwenye viza. Curaçao iko chini ya Ufalme wa Uholanzi, lakini haimo katika eneo la Schengen. Viza yake ni ile ya sehemu ya Karibi ya Ufalme, nayo huombwa kupitia ubalozi wa Uholanzi. Wenye kibali cha kuishi Ulaya, Uingereza, Marekani au Kanada wana misamaha yao, kwa hiyo soma masharti ya pasipoti yako kwenye tovuti rasmi ya serikali ya Uholanzi kabla hujalipia tiketi. Ndugu zetu wa Kongo-Kinshasa wana jambo la ziada: pasipoti yao inadai viza ya kupitia uwanja wa ndege wa Ulaya hata kama hawatoki nje ya uwanja.

Ndani ya siku saba kabla ya kufika unatakiwa kujaza kadi ya uhamiaji mtandaoni. Ijaze kabla hujaondoka nyumbani, uichapishe au uihifadhi kwenye simu. Beba pia kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano, kwa kuwa wasafiri wanaotoka nchi zenye ugonjwa huo huombwa kuionyesha.

Fedha, umeme na jua

Tarehe 31 Machi 2025 kisiwa kilianza kutumia sarafu mpya, gulden ya Karibi, badala ya gulden ya zamani ya Antili. Imefungwa kwa dola ya Marekani: dola moja ni gulden 1.79. Dola zenyewe hupokelewa karibu kila mahali, lakini chenji utarudishiwa kwa gulden, hivyo beba noti ndogondogo. Ukipewa noti za zamani za Antili kama chenji, zirudishe hapo hapo.

Umeme ni wa volti 127 na plagi ni zile bapa za Kimarekani. Chaja ya simu ya kisasa haitakuwa na shida ukiwa na adapta. Pasi au birika la nyumbani liache nyumbani.

Jua la kule lisikudanganye. Upepo wa mashariki unavuma karibu mwaka mzima na unapoza ngozi wakati inaungua. Kofia iwe na kamba, la sivyo itaishia mfereji wa Sint Annabaai. Mvua hunyesha zaidi kati ya Oktoba na Desemba, nayo ni ya muda mfupi. Kisiwa kiko kusini mwa njia ya kawaida ya vimbunga, jambo linaloieleza pia bandari hii: meli hupata hifadhi humu wakati visiwa vya kaskazini vimefunga magati.

Jua meli gani inakuja

Usiku kabla ya matembezi, fungua ratiba ya meli ya mamlaka ya bandari, Curaçao Ports Authority, au tovuti yoyote inayoonyesha mwendo wa meli kwenye ramani. Tafuta mambo mawili. La kwanza ni meli za kitalii: zikiwa nyingi, Punda itajaa watu tangu asubuhi hadi alasiri, kisha itapumua meli zikianza kuita abiria wake. La pili, na la maana zaidi kwako, ni meli za mafuta na za makontena zinazotarajiwa kuingia au kutoka Schottegat mchana. Ukipata hata moja, jenga siku yako juu yake. Ila muda ulioandikwa ni makadirio tu, kwa hiyo fika mapema.

Meli kubwa kabisa za kitalii hazipiti katikati ya mji. Juu ya mkono wa bahari kuna daraja la magari la Queen Juliana, lililofunguliwa mwaka 1974, lenye urefu wa mita 56 hivi kutoka majini, na meli ndefu kuliko hapo haziwezi kupita chini yake. Kwa ajili hiyo yalijengwa magati ya nje, upande wa bahari wazi, eneo la Rif. Zile za wastani huingia na kufunga kwenye gati la Mathey, Otrobanda. Kama unafanya kazi kwenye meli hizo, kama wanavyofanya vijana wengi wa pwani ya Kenya, nawe umepewa saa chache tu za kushuka, usipoteze senti kwa teksi: magati yote hayo yako umbali wa kutembea kutoka daraja la waenda kwa miguu la Queen Emma, ambalo nalieleza hapa chini.

Daraja linalofunguka kama mlango

Hapa ndipo pa kukaa. Daraja la Queen Emma lilijengwa mwaka 1888, kwa mpango wa Leonard Burlington Smith, Mmarekani aliyekuwa balozi mdogo wa nchi yake kisiwani. Lina urefu wa mita 167 na limelala juu ya maboti bapa yaliyopangwa sambamba, hivyo ukitembea juu yake unahisi mawimbi ya chombo kilichopita yakikunyanyua nyayo. Zamani lilikuwa la kulipia. Wanaosimulia habari za mji watakwambia kwamba mwenye viatu alilipa na mwenda peku alipita bure, na kwamba maskini waliazima viatu ili wasionekane maskini, na wenye nacho walivivua. Tangu 1974, daraja la juu lilipofunguliwa, hili limebaki la waenda kwa miguu.

Namna linavyofanya kazi ni rahisi kuelewa ukiangalia kwa makini. Ncha ya Otrobanda imefungwa kwa bawaba. Ncha ya Punda iko huru, na juu yake kuna kibanda kidogo cha mwendeshaji chenye injini mbili za dizeli. Injini hizo huzungusha panga boi zilizoelekezwa ubavuni, kwa hiyo daraja zima linajisukuma lenyewe, linaiacha Punda, linazunguka polepole mpaka linalala kando ya ukingo wa Otrobanda.

Fuata hatua hizi:

1. Anzia Punda, karibu na ncha ya daraja, ukiwa umesimama mahali unapoona kibanda cha mwendeshaji.
2. Angalia bendera. Ya rangi ya chungwa inamaanisha daraja litafunguliwa kwa muda mfupi, labda jahazi la matanga au boti ya uvuvi inapita. Ya buluu inamaanisha meli kubwa, na kungoja kutakuwa kurefu.
3. Kengele ikilia, amua. Mageti hufungwa upesi. Ukiwa tayari juu ya daraja unaweza kubaki, ukazungushwa nalo. Fanya hivyo angalau mara moja, na usishindane na geti: wenyeji hukimbia na kuruka dakika ya mwisho, lakini wao wamelizoea tangu utotoni.
4. Ikiwa bendera ni ya buluu na unataka kuvuka, nenda kwenye kituo cha kivuko kilicho kando ya mfereji. Kivuko hicho, wenyeji hukiita ponchi, ni bure daraja linapokuwa wazi.
5. Meli ikikaribia, usiiangalie yenyewe tu. Angalia tagi, zile boti fupi zenye nguvu za kuvuta na kusukuma meli, moja mbele na moja nyuma. Angalia jinsi kamba inavyolegea na kukaza. Rubani wa bandari yuko juu kwenye chumba cha usukani, na kila anachoamuru kinaonekana kwanza kwenye ile kamba.

Hakuna saa maalumu za kufungua. Meli ndiyo yenye haki ya njia, na mji mzima unasubiri: mwanafunzi, karani, mama mwenye mfuko wa mboga. Mtu akichelewa kazini akasema daraja lilikuwa wazi, anaeleweka. Mimi naona hapo ndipo ilipo heshima ya mji huu kwa bandari yake, kwa kuwa ungeweza kulikata daraja hilo zamani ukabaki na lile la juu.

Kutoka mdomoni kwenda ndani

Baada ya daraja, rudi nyuma hadi mdomo wa bandari na uifuate kwa miguu. Upande wa Punda utakuta Fort Amsterdam, ngome iliyoanza kujengwa baada ya kampuni ya Kiholanzi ya West Indies kukitwaa kisiwa kutoka kwa Wahispania mwaka 1634. Leo ndani yake kuna ofisi za serikali na makazi ya gavana, na ua wake hupitika. Kwenye ukuta wa kanisa la ngome tafuta tufe la mzinga lililonasa humo tangu shambulio la Waingereza la mwaka 1804. Ng'ambo, upande wa Otrobanda, ni ngome ya Rif, sasa imejaa maduka na mikahawa. Panda juu ya ukuta wake. Ni mahali pazuri pa kuitazama meli ikilenga mdomo mwembamba kutoka bahari wazi.

Kutoka Fort Amsterdam ingia Handelskade, ile safu ya majumba marefu membamba ya rangi za njano, waridi, kijani na buluu ambayo umeshaiona kwenye kila picha ya kisiwa. Yalikuwa nyumba na maghala ya wafanyabiashara, na yametazama maji kwa sababu mali ilifika kwa maji. Jengo la Penha, kwenye kona mkabala na daraja, ni la mwaka 1708. Mwaka 1997 UNESCO iliorodhesha mji wa ndani pamoja na bandari kuwa urithi wa dunia, na hilo neno "bandari" limo kwenye jina lenyewe la urithi.

Kwa picha kumbuka jambo moja: Handelskade inatazama magharibi. Asubuhi jua liko nyuma ya majengo na picha zitatoka na giza. Subiri alasiri, vuka Otrobanda, upige kutoka huko.

Ukikunja kulia mwisho wa Handelskade utaifikia Sha Caprileskade, ukingo wa soko la mashua. Kwa vizazi vingi mashua kutoka Venezuela zilifunga hapa zikiuza ndizi, maembe, nyanya na samaki, wauzaji wakilala humo humo chomboni. Mwaka 2019 Venezuela ilipofunga mpaka wake na visiwa hivi, mashua zilitoweka na meza za soko zikabaki na bidhaa za kuletwa na wengine. Mpaka ulifunguliwa tena mwaka 2023. Utakachokikuta siku utakayokwenda kitategemea siasa za nchi mbili, lakini pita tu, ununue tunda kwa yeyote utakayemkuta.

Chakula cha mchana

Hatua chache kutoka hapo ni Plasa Bieu, soko la zamani lililogeuzwa ukumbi wa mama lishe. Ni la mchana tu, kwa hiyo fika kabla ya saa saba, maana vyungu vikiisha vimeisha. Majiko yako mbele yako, benchi ni za pamoja, na foleni ina makarani, madereva na wafanyakazi wa bandari. Agiza kabritu stobá, mchuzi mzito wa mbuzi, au piska korá, samaki mwekundu wa kukaanga, ukiambatanisha na funchi. Funchi ni ugali wa mahindi, mlaini kidogo kuliko wetu. Kuna pia mchuzi wa bamia uitwao giambo, unaoteleza barabara. Msemaji wa Kiswahili hatajiona mgeni kwenye meza hiyo. Salimia kabla ya kuagiza: *bon dia* asubuhi, *bon tardi* mchana, na *danki* ukipokea sahani. Kipapiamentu ndiyo lugha ya nyumbani, ingawa karibu kila mtu anajua Kiholanzi, Kihispania na Kiingereza pia.

Kuiona bandari ya ndani

Magati ya makontena, matangi na chelezo vimezungushiwa uzio, na huwezi kuingia bila kibali. Hii ni kanuni ya kimataifa ya usalama wa meli na bandari iliyoanza kutumika Julai 2004, inafuatwa Mombasa na Dar es Salaam vile vile. Usijaribu kumbembeleza mlinzi wa geti, na usirushe droni juu ya magati.

Kuna njia mbili halali. Ya kwanza ni majini: Makumbusho ya Bahari yaliyo Scharloo, upande wa pili wa ghuba ndogo ya Waaigat, yamekuwa yakiandaa ziara za mashua ndani ya bandari. Piga simu au waandikie mapema uulize siku. Ya pili ni kupanda kilima cha Fort Nassau, ngome ya mwaka 1797. Chukua teksi, mkubaliane nauli kabla hujaingia, maana hazina mita. Kutoka juu unaiona Schottegat yote kama sahani: makontena upande mmoja, chelezo upande mwingine, na mabomba ya kiwanda cha kusafishia mafuta kiitwacho Isla.

Isla inahitaji maelezo, kwani ndiyo iliyoifanya bandari kuwa ilivyo. Mafuta yalipopatikana eneo la ziwa Maracaibo, Venezuela, meli kubwa hazikuweza kuvuka kina kifupi cha mchanga mdomoni mwa ziwa. Shell ikachagua kujenga kiwanda hapa, penye maji ya kina, kikaanza kazi mwaka 1918. Meli ndogo zilileta mafuta ghafi, kubwa ziliondoka na yaliyosafishwa. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, mafuta ya Curaçao yalikuwa muhimu kwa majeshi ya Muungano kiasi kwamba nyambizi za Wajerumani zilishambulia meli za mafuta nje ya mji Februari 1942. Shell iliondoka mwaka 1985, kampuni ya mafuta ya Venezuela ikakodi kiwanda hadi mwisho wa 2019. Moshi wake uliwaumiza wakazi waliokaa upande ambako upepo uliupeleka, na kwenye makaburi ya zamani ya Wayahudi, Beth Haim, yaliyo jirani na kiwanda, maandishi ya mawe ya karne ya 17 yamelika.

Tarehe 30 Mei 1969 mgomo wa wafanyakazi wa kampuni zilizohudumia Shell uligeuka ghasia. Maandamano yaliingia mjini, sehemu za Punda na Otrobanda zikaungua, watu wawili wakauawa, na kiongozi wa makuli wa bandari, Wilson "Papa" Godett, akapigwa risasi na kujeruhiwa. Uholanzi ilileta askari wa majini. Siku hiyo, iitwayo *Trinta di Mei*, ndiyo iliyowafungulia watu weusi wa kisiwa milango ya siasa zao wenyewe. Ukitazama bandari kutoka Fort Nassau, tazama pia barabara iliyotoka kiwandani kwenda mjini.

Usiipite habari ya watumwa

Bandari hii ilitajirika kwanza kwa kuuza watu. Kuanzia miaka ya 1660 kampuni ya West Indies iliwaleta hapa Waafrika, wengi kutoka pwani za Afrika Magharibi na Angola, wakiuzwa kwenda makoloni ya Kihispania. Makumbusho ya Kura Hulanda, Otrobanda, yalianzishwa mwaka 1999 na mfanyabiashara Mholanzi Jacob Gelt Dekker kwa ajili ya habari hiyo. Uliza siku na saa za kufunguliwa kabla hujaenda. Kwa msomaji aliyewahi kuingia chumba cha chini pale Mkunazini, Zanzibar, atakayoyaona hapa atayatambua.

Kisha tembea kwa miguu kufuata pwani ya kusini, au kwa basi dogo, hadi mnara wa Tula. Tarehe 17 Agosti 1795 Tula aliongoza watumwa wa shamba la Kenepa kudai uhuru wao. Aliuawa hadharani kwa mateso tarehe 3 Oktoba mwaka huo huo, na mnara uko pwani hapo, ukionyesha watu wanaovunja minyororo. Utumwa haukufutwa hadi tarehe 1 Julai 1863. Serikali ya Uholanzi ilimrudishia Tula heshima yake rasmi Oktoba 2023. Hakuna kiingilio. Nenda asubuhi au jioni, maana kivuli ni haba.

Jioni na kurudi

Jua likishuka, taa za matao ya daraja la Queen Emma huwashwa. Chukua kiti Otrobanda, si Punda, ili mji wenye taa uwe mbele yako. Meli huendelea kupita usiku, na ikipita moja utazima mazungumzo bila kuambiwa.

Mabasi madogo yana neno BUS kwenye kibao cha namba, na makubwa huitwa *konvoi*. Vituo vikuu viko Punda na Otrobanda, kila kimoja na njia zake, hivyo hakikisha uko upande sahihi wa maji kabla daraja halijafunguka. Mabasi hupungua sana usiku na Jumapili. Kama ndege yako ni ya alfajiri, uwanja wa Hato uko kilomita kama 12 kutoka mjini. Agiza teksi kupitia hoteli tangu jana yake, na umwambie dereva apitie daraja la juu.